Uzinduzi wa Sahihi ya Kidijitali, Masjala Ikiwa Imefungwa

Mheshimiwa Hakimu Mkuu wa kituo chetu, ambaye leo ni mgeni rasmi na pia ndiye mwenye ukumbi, kwa sababu mgeni rasmi wa kwanza ametuma udhuru na wa pili tulimtumia barua pepe kwenye anwani niliyoibuni mwenyewe. Waheshimiwa mahakimu mliokaa mbele, na ninyi mliosimama nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimekaliwa na ndugu zangu. Mawakili wasomi, pamoja na mawakili mnaosoma gazeti hivi sasa. Makarani wa masjala, watunza mafaili, wapiga chapa, wakalimani. Dada wa usafi, ambaye ndiye serikali halisi ya jengo hili kwa kuwa anajua kila mlango unavyogoma. Wadai, wadaiwa, mashahidi mlioitwa na mashahidi mliojiita. Fundi wa vipaza sauti, uliyeniambia hiki nisikishike hapa chini maana kinapiga shoti, na nimekishika. Waandishi wa habari, yaani wewe mmoja. Na mama mdogo wangu, fundi cherehani, uliyekaa mstari wa tatu na mkoba mapajani, ambaye itifaki haijakutaja popote lakini nisipokutaja leo nitakula wapi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mtendaji, Mratibu Mkuu, Mshauri wa Kiufundi, Mwenyekiti wa Kamati na vilevile Kamati, ya Mradi wa Sahihi ya Kidijitali kwa Nyaraka Zinazowasilishwa Mahakamani, kwa kifupi MSKNZM, kifupisho ambacho nimekifanyia mazoezi ya kukitamka kwa wiki tatu mbele ya kioo na kioo kimepata ukungu bila mafanikio. (Kicheko.) Chekeni tu. Mradi mkubwa huwa haupendi jina jepesi.

Wapo watakaouliza, na wapo waliokwisha kuuliza, hasa pale kwenye dirisha la chai, kijana huyu ametokea wapi, amesomea wapi. Najibu kwa uwazi na uwajibikaji: sijasomea. Nimejisomea. Miaka miwili iliyopita niliingia jengo hili kutafuta soketi ya kuchajia simu, nikakuta printa ya masjala imemeza ukurasa wa mwisho wa hukumu, makarani watano wameizunguka kama wanamwangalia mgonjwa, nami nikaingiza mkono na kibanio cha nyusi cha mama mdogo, nikachomoa ile hukumu nzima nzima, imekunjamana lakini inasomeka. Mheshimiwa Hakimu Mkuu akatoka ofisini kwake, akaniangalia toka miguuni hadi kichwani, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, wewe unajua kompyuta?" Nikasema ndiyo. Ndugu zangu, maendeleo yote mnayoyaona leo, na matatizo yote pia, yametoka kwenye ile ndiyo. (Kicheko. Hakimu Mkuu anatingisha kichwa.)

Sasa nije kwenye mada, kwa sababu saa ile pale ukutani inasema saa tisa na robo na mimi nimepangiwa dakika kumi, ambazo nimezitumia kwenye itifaki.

Sahihi ya kidijitali ni nini? Sahihi ya kidijitali si picha ya sahihi. Narudia ili mwandishi wa habari aandike: si picha. Ni alama ya siri inayotengenezwa na kompyuta kwa hesabu ngumu sana, nyingine hata mimi sijazifikia, inayoufunga waraka wako na wewe mwenyewe, wewe peke yako katika dunia nzima, kiasi kwamba mtu akibadilisha hata nukta moja kwenye hati yako ya madai, mfumo unajua, mfumo unakataa, mfumo unapiga kelele. Haya nimeyatoa kwenye video ya kitaalamu ya dakika kumi na moja, ambayo mtandao ulikatika kwenye dakika ya sita, hivyo nusu ya pili ya mradi huu ni ubunifu wetu wa ndani. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Tuonyeshe basi!") Tutaonyesha, ndugu yangu. Kila kitu kina awamu.

Na kwa kuwa hakuna mageuzi bila kujitoa, tarehe moja ya mwezi huu nilitoa Waraka Namba Moja, ambao mmeuona umebandikwa kila mlango pamoja na wa chooni, unaosema kuanzia siku hiyo masjala haitapokea hati yoyote iliyosainiwa kwa kalamu, iwe ya wino mweusi, bluu, au ile ya kijani ambayo wakili mmoja hapa anaipenda. Kila kitu kupitia kompyuta ya koridoni. Aidha nikaendesha Operesheni Kusanya Kalamu, ambapo kwa siku nne tumefanikiwa kuondoa katika jengo hili kalamu mia mbili na sita, zikiwemo tatu za Mheshimiwa Hakimu Mkuu, na moja tuliyomkuta nayo karani wa masjala nyuma ya sikio wakati anasinzia. (Karani wa masjala, mstari wa mbele: "Nilikuwa nafikiri!") Alikuwa anafikiri huku anakoroma. Kalamu hizo zote zimo ndani ya boksi hili mnaloliona hapa jukwaani, limefungwa utepe mwekundu, na mwisho wa hotuba hii mgeni rasmi atakata utepe, tutalipeleka boksi stoo, na historia ya wino katika mahakama hii itakuwa imefungwa rasmi.

Sasa takwimu. Mradi bila takwimu ni porojo. Tangu tarehe moja mpaka jana jioni zimewasilishwa hati mia tatu na kumi na mbili, zote, nasema zote, zikiwa na sahihi ya kidijitali, sawa na asilimia mia moja, na ukijumlisha zile zilizowasilishwa mara mbili kwa makosa ni asilimia mia moja na nne. (Makofi.) Kuhusu kuridhika kwa wateja, tulifanya utafiti wa kina kwa watu wanane, na asilimia themanini na saba nukta tano walisema wameridhika sana. Yaani saba. Wa nane alisema nimpishe anashona. Naona ameinua mkono. Mama mdogo, maswali ni mwishoni.

Kama nilivyokuwa nasema. Kwa umuhimu wa siku ya leo, kupitia kiambatisho cha Waraka Namba Moja, nimeelekeza watumishi wote bila ubaguzi wahudhurie uzinduzi huu, na kwa mantiki hiyo masjala imefungwa tangu saa saba mchana, na funguo... karani, funguo ziko wapi? (Karani anapiga mfuko wa shati: "Hapa, mkuu!") Funguo ziko salama. Mbele tunaona... Mama mdogo, nimesema mwishoni. Hata mkono wa pili hauharakishi kitu.

Mbele tunaona mahakama isiyo na foleni, isiyo na karatasi, mahakama ambayo mwananchi atakuwa amelala kwake anabonyeza kitufe, hati inaruka, inatua kwa hakimu, hakimu anabonyeza, haki inarudi ikiwa bado ya moto. Ndiyo maana kaulimbiu yetu, ambayo nawaomba tuipige pamoja, ni: Kidole kimoja! (Umati, bila mpangilio: "Haki mara moja!") Sikusikia. Kidole kimoja!

(Umati: "Haki mara moja!" Mwanamke mmoja mstari wa tatu amesimama: "Chaji!")

Samahani, Mheshimiwa. Hilo ni jina la nyumbani. Halimo kwenye ratiba.

(Mwanamke huyo: "Chaji, nimeinua mkono mpaka kwapa linauma. Wewe unaniona unanipita.")

Mama mdogo, shikamoo. Hapa siitwi hivyo, hapa naitwa Mheshimiwa Mkurugenzi.

(Mama mdogo: "Marahaba. Sasa Mheshimiwa Chaji, hii karatasi nimerudishiwa leo asubuhi." Anatoa hati kwenye mkoba. Kicheko kikubwa.)

Wageni waalikwa, naomba utulivu. Kwa faida ya wale wasioijua hii familia, huyu ni mama mdogo wangu, aliyenilea. Ana chumba kimoja cha kushonea mtaa wa nyuma ya jengo hili hili, cherehani tatu, meza ya kukatia na pasi inayochagua siku ya kufanya kazi. Chini ya ile meza ndipo nimekulia mimi, mnayeniona na tai. Mwenye nyumba sasa anakitaka kile chumba, amefungua kesi, anasema kilikodishwa kwa kulala na siyo kwa kushona, wakati suti aliyovaa siku ya kufungua hiyo kesi imeshonewa humo humo. Anataka kuweka duka la simu, hatua ambayo kwa upande wa kidijitali mimi naipongeza, na kwa upande wa familia nimeambiwa nikiirudia tena nitafute pa kula. Mama mdogo alipewa siku kumi na nne za kuleta utetezi wake kwa maandishi. Akauleta siku ya nne. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama mdogo, achana na kalamu, mfumo utakusainia, wewe kashone." Kwa hiyo shida ipo wapi?

(Mama mdogo anavaa miwani, anasoma kwa sauti: "'Inarudishwa. Sahihi si ya mdaiwa.' Na siku ya kumi na nne ni leo, Chaji. Mwisho saa kumi. Saa kumi ikipita hawaniulizi tena kitu, wanatoa hukumu ya upande mmoja, kesho mashine zangu ziko barabarani. Nimeenda dirishani, kufuli. Nimeuliza wako wapi, naambiwa wanakupigia makofi.")

Naam. Hiyo ni... hiyo ni changamoto. Mradi wowote una changamoto, na changamoto ni fursa ambayo... saa tisa na nusu. Sawa. Karani, hebu simama kidogo utoe ufafanuzi wa kitaalamu.

(Karani anasimama: "Mkuu, mimi nilipokea vizuri tu. Ila wakili wa mwenye nyumba alikuja kukagua, akasema sahihi ile siyo ya mama. Nikaangalia, kweli, siyo ya mama. Nikairudisha." Anakaa. Anasimama tena: "Na kwa kalamu siwezi kupokea, waraka wako umekataza." Anakaa.)

Asante kwa uzalendo. Wakili wa mwenye nyumba, naona umesimama na wewe, hata sijakuita.

(Wakili, anafunga kifungo cha koti: "Mheshimiwa Mkurugenzi, nakupongeza kwa mfumo huu madhubuti. Mfumo umefanya kazi yake. Sahihi iliyo kwenye utetezi ule si ya mama huyu, ni ya mtu asiyehusika na kesi kabisa. Kwa maneno yako mwenyewe, mfumo unajua, mfumo unakataa. Naomba ubaki hapo hapo na msimamo wako." Makofi machache kutoka upande wa mawakili.)

Msimamo wangu, msomi, uko pale pale. Mfumo haukosei. Mfumo ni... (Mama mdogo hajakaa. Anamwangalia mzungumzaji.) Mama mdogo, usiniangalie hivyo, niko kazini. Mfumo, kama nilivyotangulia kusema, ni hesabu. Hesabu haina mama mdogo. (Miguno. Dada wa usafi, kwa sauti: "He! Kasema nini huyu?") Nimeteleza. Naomba hilo lisiandikwe.

Ngoja. Ngoja kwanza. Hiyo sahihi ya mtu asiyehusika na kesi, msomi, inafananaje?

(Wakili: "Ina herufi kubwa mbele, halafu mkia mrefu unaozunguka mara mbili, mwisho nukta tatu. Ya majivuno hivi." Kicheko.)

Ya majivuno. Sawa. Nukta tatu. Wakili, na ile hati ya madai ya mteja wako, ya kumfukuza mama mdogo, si unayo hapo kwenye mkoba? Nayo uliileta mwezi huu, baada ya waraka? Nakuomba, kwa heshima yote na taadhima, ufungue ukurasa wa mwisho, chini, pale panapoandikwa "sahihi ya mdai". Utuelezee na yenyewe.

(Karatasi zinafunuliwa. Wakili anaangalia. Anaangalia tena. Anavua miwani.)

Tusomee, msomi.

(Wakili, taratibu: "Herufi kubwa... mkia... nukta tatu.")

Nukta tatu. (Kelele. Mawakili wanafungua mikoba yao. Sauti mbalimbali: "Na yangu!" "Hata yangu!" "Yangu na ya mpinzani wangu, zote mbili!" Mtu mmoja: "Sahihi ya nani hii?")

Utulivu tafadhali. Utulivu. Ni yangu.

Nataka nilieleze jambo hili kwa mapana na marefu, ila saa inasema saa kumi kasoro dakika ishirini na mbili, nitalieleza kwa marefu tu. Mnakumbuka zamani, kwenye ubao wa matangazo wa masjala, ilikuwepo fomu moja imejazwa, imeandikwa juu kwa wino mwekundu, MFANO. Na mnakumbuka watu walivyokuwa wakiinakili ile fomu. Mpaka jina. Karani ni shahidi, tulikuwa na wadai kumi na wanne wenye jina la mtu wa mfano, na mmoja aliandika kabisa na neno MFANO pale juu, akaitwa mahakamani, "Mfano yupo?" akaitika, "Nipo, Mheshimiwa." (Kicheko.) Sasa mimi, Mshauri wa Kiufundi, nikaiingiza fomu ile ile kwenye kompyuta ya koridoni. Pale pa sahihi pakawa peupe, nikaona panakaa vibaya. Nikasaini kwenye kipande cha karatasi, nikapiga picha kwa simu, nikaibandika, iwe mfano. Halafu ili watu wasije wakaichezea nikaifunga kwa neno la siri. Halafu neno la siri nikalisahau.

(Kicheko kinachoanzia nyuma na kuja mbele.)

Kwa hiyo kila aliyefungua ile fomu, aliandika mambo yake, akashuka chini, akakuta pameshasainiwa, akafurahi, akasema kweli huu mfumo ni wa kisasa. Na mimi nilipoona hati zinaingia zote zimesainiwa, nikafurahi pia, nikaziita takwimu.

Maana yake ni nini kisheria, sijui, sijasomea. Ila nimepiga hesabu hapa hapa jukwaani. Mimi ni mdai katika kesi zote za mwezi huu na ni mdaiwa katika zile zilizojibiwa. Nimeachana na wake kumi na wawili na waume tisa. Nimemshtaki jirani yangu kwa sababu jogoo wake anawika saa tisa, na nimejibu kwamba jogoo si wangu na pia hawiki. Ninagombea shamba na mimi mwenyewe. Nimeomba kulea watoto ambao nimeandika hati nyingine kusema wasiletwe kwangu. Na kwa mujibu wa nyaraka halali zilizopokelewa na kugongwa muhuri, anayemfukuza mama mdogo kwenye kile chumba ni mimi. (Mama mdogo: "Mtoto niliyemlea chini ya meza.") Chini ya meza, mama mdogo. Nakubali.

(Hakimu Mkuu anainuka. Hakimu Mkuu: "Kijana." "Naam, Mheshimiwa." "Nakuuliza jambo moja. Huu mfumo upo au haupo?")

Mheshimiwa, kwa kuzingatia rodimapu, yaani ramani ya utekelezaji wa mradi, mfumo upo katika hatua za awali za...

(Hakimu Mkuu: "Upo, au haupo.")

Kwa upande wa dhana, Mheshimiwa, naweza kusema upo kwa asilimia...

(Hakimu Mkuu: "Maana kama upo, mama huyu amechelewa. Kama haupo, waraka wako ni karatasi tu na yeye anaweza kusaini sasa hivi. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Chagua." Mama mdogo anakunja hati yake mara mbili, anaishika kwa mikono yote miwili. Hamwangalii tena.)

Mheshimiwa.

Siku ile uliniuliza kama najua kompyuta nikasema ndiyo. Nilikuwa na njaa na nilikuwa nimeshazoea kusema ndiyo. Leo nimevaa tai hii, ameishona yeye, jana, nusu ya mchana aliacha kazi za wateja akashona tai, akaniambia, "Usije ukaniaibisha mbele za watu."

Hapana, Mheshimiwa. Haupo. Haukuwahi kuwepo. Ni picha moja.

(Mwandishi wa habari anaandika kwa kidole kwenye simu.)

Kwa hiyo kwa mamlaka niliyojipa natangaza Waraka Namba Moja umefutwa. (Karani: "Kwa maandishi, mkuu! Kifungu cha tano, 'Waraka huu utafutwa kwa maandishi tu yenye sahihi ya aliyeutoa.' Uliandika mwenyewe.") Niliandika mwenyewe, nilidhani kinapendeza. Basi naandika hapa, nyuma ya ukurasa wa tatu wa hotuba, ulikuwa wa mafanikio, hatutauhitaji. Nani ana kalamu?

Nauliza nani ana kalamu.

(Watu wanapapasa mifuko. Wakili: "Ulituchukulia." Hakimu Mkuu: "Hata zangu." Macho yote yanageukia boksi jukwaani.)

Boksi. Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu ukate utepe mapema kidogo. Mkasi... kamati ya maandalizi, mkasi uko wapi? Kamati ni mimi. Sikununua mkasi. Niliandika kwenye bajeti mkasi wa dhahabu, sikununua hata wa chuma. Utepe huu nimeufunga fundo, tena fundo la... dada, una kisu? Meno? Saa kumi kasoro dakika nane.

(Mama mdogo anapita katikati ya viti. Watu wanavuta miguu kumpisha. Anapanda jukwaani, anafungua mkoba, ndani ya mkoba kitambaa, ndani ya kitambaa mkasi mrefu mweusi.)

Mama mdogo, si huo. Huo ni wa kitambaa tu. Ndugu zangu, mkasi huu nilikatia karatasi ya daftari nikiwa darasa la pili, nikakatia mara moja tu, na alama ninayo mpaka leo.

(Mama mdogo: "Utepe ni kitambaa. Shika huku, vuta, usilegeze." Anakata. Boksi linafunguka. Makofi.)

Uzinduzi umefanyika. Kalamu. Hii haiandiki. Hii... haiandiki. Hii ya Mheshimiwa, samahani Mheshimiwa, imekauka na ni ya gharama. Hii haina hata mrija ndani, tumekamata ganda. Karani, ile ya sikioni ilikuwa ya rangi gani? (Karani: "Ya bluu, imetafunwa kifuniko!") Imetafunwa, imetafunwa... hii hapa. Inaandika. Ndugu wananchi, inaandika! "Waraka Namba Moja umefutwa." Mkia. Mara mbili. Nukta tatu. Mama mdogo, chukua. Saini hapa, pembeni ya hiyo picha, mimi niipige mstari kwanza. Taratibu. Jina lako kamili. Usiandike MFANO.

(Mama mdogo, akisaini: "Nitakupiga." Ananyanyua karatasi, anapuliza wino. Karani ameshatoa funguo, anakimbia, viatu vinasikika koridoni, mama mdogo nyuma yake anatembea haraka lakini hakimbii.)

Saa kumi kasoro dakika tano. Tuendelee na ratiba tukiwa tumetulia. Wakili, naona unataka kalamu. Utasubiri, imetoka na mama mdogo. Na hiyo ya kwako ya madai, Mheshimiwa anasemaje?

(Hakimu Mkuu: "Na yenyewe haijasainiwa na mdai. Mwite asaini, siku kumi na nne za mama zianze kuhesabiwa upya. Mteja wako yuko wapi?" Wakili, akiangalia viatu: "Yuko pale chumbani, Mheshimiwa. Alienda kupima ukuta wa rafu za simu.")

Akimaliza kupima aje. Foleni itakuwepo. Wote mlioko humu mnaanza upya, hati mia tatu na kumi na mbili, kalamu moja. (Miguno, vicheko. Kutoka koridoni: kufuli, mlango unaogoma, dada wa usafi, aliyewafuata, akipiga kelele "Unyanyue kwanza ndio usukume!" Halafu kimya. Halafu muhuri, mara moja, kwa nguvu: pu!)

Mmesikia? Mimi nimesikia. Saa kumi kasoro dakika mbili. Mwandishi wa habari, hiyo ndiyo takwimu, andika.

Kwa hayo machache, naomba nitoe shukrani. Naishukuru seva yetu kuu, ambayo ni lile kabati la kijani lenye feni ndani. Nawashukuru wataalamu wetu kutoka nje, ambao ni mimi nikiwa nimesimama nje kutafuta mtandao. Nawashukuru wafadhili, mkipatikana. Namshukuru Mheshimiwa Hakimu Mkuu, ambaye kwa miaka miwili ameniuliza maswali mawili na yote yamenitoa jasho. Namshukuru mama mdogo, mtu pekee aliyewahi kusaini kitu chochote katika mradi huu. Kesho nipo kwenye lile dirisha la masjala, bila cheo, nagawa kalamu, na tai nitavaa kwa sababu imeshonwa. Kidole kimoja! (Umati: "Wino!") Kalamu moja! (Umati: "Foleni!") Hapo sasa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Na tafadhali, aliyewahi kuniona nikiandika lile neno la siri anitajie kabla hajatoka, maana mashine ya koridoni nimeiacha inawaka, kuna mtu anajaza fomu ya talaka hivi sasa, na mimi ndiye ninayeachwa.